Baba Golini, Mama Mlimani

Cragley, Lancashire
2 Agosti 1970

Kwako dada yangu Mavis,

Salamu hizi zipokee kwa mikono miwili, maana ni nzito. Sisi huku wazima. Mguu wa mke wangu Doreen umepona, sasa ananikimbiza nyumba nzima kama zamani. Mvua haijakata tangu Jumanne, kwa hiyo ujue hakuna kilichobadilika tangu upande meli mwaka arobaini na tisa. Shemeji Len na kifua chake vipi? Jua lote hilo la Australia na bado anakohoa? Mwambie namcheka.

Sasa kaa kitako. Aprili nilikupelekea telegramu, TUMEPANDA NORRIS, nawe ukajibu NANI KAPANDA WAPI. Dada! Niliionyesha baa, watu wakamwaga bia kwa kicheko. Ni Cragley Town! Daraja la Kwanza! Timu ambayo Babu alikufa akiisubiri, na Baba akafa wiki tano kabla haijafika. Tarehe kumi na tano mwezi huu mabwana wakubwa wa London watateremka kwenye basi lao la vioo wakanyage nyasi za uwanja wetu, Tenter Field. Na nyasi hizo kazikuza nani? Mdogo wako, niliyetoka shule na miaka kumi na minne, mwalimu akisema sitafaa hata kushika ufagio. Mimi vita vilinitembeza Kairo, vikanitembeza Roma, nimeona bustani za wafalme wenye akili na wasio na akili, na nakuambia nyasi kama zangu hawana. Malkia angeweza kulala pale bila shuka.

Sasa la Baba. Majivu yake yamo katika chombo tulichopewa alipochomwa, kipo kwenye rafu juu ya meko, na Doreen hukipangusa kila Ijumaa akimwambia habari za majirani. Lakini Baba aliniachia neno pale hospitali, tukiwa wawili. Alisema, "Norris, wakipanda nimwage golini, lile la upande wa kiwanda cha pamba. Nimelitazama miaka hamsini, sasa nikalikae." Wengi hapa wanafanya hivyo, unajua. Mzee Pickles yuko kwenye kona ya kushoto tangu mwaka sitini na sita na hajalalamika. Basi nitamweka kabla ya mechi ya kwanza. Nakuarifu kwa heshima tu, wewe ndiye mkubwa.

Ndugu yako, bwana nyasi,
Norris


Geelong, Australia
11 Agosti 1970

Norris,

Barua yako nimeipata. Len anakohoa lakini anakula. Huku ni majira ya baridi, mambo yote ya nchi hii yamegeuzwa juu chini, hata mpira wao una umbo la yai.

Habari ya Baba nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu kikombe kilinitoka mkononi. Golini? Wanaume ishirini na wawili wamkanyage kwa njumu? Wewe una kichwa au una boga?

Nikukumbushe. Mama yuko Bank Top, makaburini kule mlimani, peke yake tangu tarehe 12 Novemba 1932. Ilikuwa Jumamosi. Alikata roho saa kumi kasorobo. Baba alikuwa wapi? Mpirani. Wewe mwenye miaka kumi na mitano ulikuwa wapi? Mpirani, juu ya mabega ya watu. Nyumbani nilikuwa mimi tu, na kitambaa cha maji. Mama alimkosa mumewe Jumamosi zote za ndoa yake hadi ile ya mwisho. Kaburi lile lilichimbwa la watu wawili, na jiwe lina nafasi ya jina la pili. Baba ni wa Mama.

Najua wewe ni mbishi na mimi niko mbali. Basi tuwekeane dau kama utotoni, mate kiganjani. Chombo kikae kwenye rafu mpaka Mei. Timu yako ikibaki Daraja la Kwanza, mmwage unapotaka na mimi sitafungua mdomo tena. Ikishuka, Baba anapanda mlima kwa Mama. Kabla ya hapo asiguswe.

Jibu ndiyo au siyo. Usiniandikie hadithi.

Mavis


Cragley
24 Agosti 1970

Dada Mavis,

Ndiyo.

Umeniambia nisiandike hadithi, lakini nitakufa nisipokueleza mechi ya kwanza. Watu elfu thelathini na moja! Mji wenyewe una watu elfu arobaini, hao wengine elfu tisa nadhani walikuwa wagonjwa. London walikuja wamepaka nywele mafuta. Dakika ya sita wakatufunga. Nikasema basi, tumekuja kuoshwa. Mara tukasawazisha, mara tukaongeza, na filimbi ikalia mbili kwa moja, sisi mbili! Mimi sikushangilia. Nilisimama na jembe langu mdomo wazi kama samaki sokoni. Mtu mmoja nisiyemjua alinibusu shavuni.

Kwa hiyo dau nalikubali kwa moyo mweupe, maana utashindwa vibaya. Baba yuko salama mahali pake, hasumbui mtu.

Doreen anakusalimu. Tumekula pai.

Norris


Geelong
5 Oktoba 1970

Norris,

Sote hatujambo. Binti yangu Joyce amejifungua mtoto wa kiume, wamemwita Ezra kama Baba. Sikuwashawishi, wameamua wenyewe.

Magazeti ya huku huandika matokeo yenu kila Jumatatu kwa herufi ndogo kama wadudu, na Len hunisomea kwa miwani mbili. Naona mnapoteza. Mimi sishangilii. Lakini nahesabu.

Nina ombi dogo. Nipigie picha ya ile rafu, chombo kikiwepo, nimwonyeshe mjukuu siku moja. Doreen ana kamera, najua, maana alinitumia picha ya paka.

Mavis


Cragley
22 Novemba 1970

Dada yangu mpenzi, bibi wa Ezra mdogo,

Hongera, hongera, hongera! Nimewanunulia bia watu wasiostahili kabisa. Mtoto mwenye jina hilo atakuwa mbishi, atakuwa na masikio makubwa, na ataishi miaka themanini na miwili. Doreen anafuma soksi.

Kamera imeharibika.

Mpira, dada, usiulize. Jumamosi iliyopita tumefungwa saba. Saba kwa bila, nyumbani! Nilihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, nikahamia wa pili, nikaona aibu nikatia mikono mfukoni. Mashabiki wao wakaimba, "Wafumaji, rudini kiwandani!" Nami nikawajibu peke yangu, kwa sauti, "Kiwanda kimefungwa, mbwa nyie, mngekuwa mnasoma magazeti mngejua!" Polisi akaniambia, "Norris, kunywa chai." Watu walitoka uwanjani kama wametoka kuona ajali. Hakuna aliyezomea, hakuna aliyetukana. Afadhali wangetukana.

Na kuna jambo linalotukera. Mbele ya lile goli la upande wa kiwanda pametokea kiraka, hakina nyasi, kigumu kama sakafu. Mpira ukitua pale unaruka unakotaka. Kipa wetu Sugden, kijana mzuri, mikono kama mabeseni, alirudishiwa mpira taratibu na mwenzake, mpira ule ambao hata Doreen angeudaka kwa aproni. Ukagusa kiraka, ukaruka juu ya bega lake, ukaingia. Sugden alibaki ameinama, anaitazama ardhi kama imemwita jina.

Meneja, Bwana Lomax, ameniuliza, "Norris, nini kile?" Nikamwambia fangasi.

Wako katika huzuni,
Norris


Geelong
14 Desemba 1970

Norris,

Krismasi njema kwenu. Soksi zimefika, zinamtosha Len.

Jirani yangu hapa, Bibi Haworth, ni wa kwetu, na hutumiwa gazeti la Cragley kwa meli. Jana amenipa la Oktoba. Kuna picha ya kipa amepiga magoti mbele ya goli la upande wa kiwanda, na mbele yake duara jeupe-jeupe, pana kama sinia.

Wewe umetunza nyasi miaka ishirini na mitatu. Barua zako zote ni nyasi, nyasi, nyasi. Na kiraka kimeota hapo hapo, mahali hapo hapo, mwaka huu huu. Na kamera imeharibika.

Nakuuliza mara moja. Baba yuko wapi?

Mavis


Cragley
9 Machi 1971

Mavis, dada yangu,

Posta wamegoma wiki saba, umesikia. Barua yako ilinifikia mapema Januari, nami ningeweza kuijibu kabla ya mgomo. Siku kumi na mbili nzima nilikuwa na kalamu na karatasi na stempu. Sitasingizia posta.

Baba yuko kwenye banda langu la zana, kwenye toroli, chini ya gunia.

Usichane. Soma mpaka mwisho, halafu uchane.

Barua yako ya Agosti, ile ya dau, ilifika tarehe ishirini. Mimi nilikuwa nimeshamtia golini tarehe kumi na tano, asubuhi, kabla ya mechi. Niliposoma "asiguswe" nilikaa kwenye ngazi. Ningekuambia siku ile ile. Lakini tulikuwa tumeshinda, nami nikajisemea, Norris, timu itabaki, dau litakuwa lako, na dada hatajua kamwe. Ndivyo nilivyo. Unanijua tangu nimo kwenye nepi.

Na kumtia kwenyewe nilikosea, mimi fundi mkuu. Majivu hunyunyizwa, dada, kama chumvi kwenye chipsi, huku na huku, kisha unamwagia maji. Yana ukali wa chokaa. Kila mtunza uwanja anajua, mzee Pickles nilimnyunyiza kwa chujio la chai. Lakini siku ile nilikuwa nimeanza tu kusema maneno mawili ya kumuaga nikasikia mlango, Lomax anaingia na wachezaji kuwaonyesha uwanja. Nikapatwa na kiwewe. Nikapindua chombo chote mahali pamoja, puu! nikakanyaga kwa buti, nikasimama juu yake na kusema habari za asubuhi. Nyasi zikaungua. Mvua ikaja, baridi ikaja, pakaganda kama saruji.

Mavis, Baba ametufunga magoli manne.

Februari Lomax alichoka. Akaja na mimi mpaka golini, akasimama pale na koti lake la sufu ya ngamia, akasema, "Chimba futi mbili. Tupa jalalani. Leo, nikiona."

Nikachimba. Nikajaza toroli. Akalipiga teke bonge moja la udongo lililokuwa limedondoka, akasema, "Na hili nalo tupa, takataka hii."

Nikashindwa. Nikamwambia, "Bwana, usimpige teke. Huyo ni mzee Ezra Thackray."

"Nani?"

"Baba yangu. Amemwagwa hapo."

Alinitazama, akatazama toroli, akatazama kiatu chake. Rangi ilimtoka usoni akawa kama karatasi. Akavua kofia. Mvua ikamnyeshea kichwani.

Akasema, "Norris, baba yako atatushusha daraja."

"Hata akiwa hai, bwana, alikuwa hamalizi mechi bila kumtukana kipa."

Hakucheka. Akasema, "Mtoe kwa heshima. Lakini mtoe." Akaondoka kofia ikiwa mkononi.

Basi ndiyo hali. Nimeziba shimo kwa nyasi mpya, mpira sasa unadunda vizuri, nasi ni wa pili kutoka mwisho. Dau lako liko palepale. Baba nimemfunika, na nikiingia asubuhi namsalimu. Siwezi kumtenga na udongo, wamekuwa kitu kimoja.

Nitukane. Nimejiandaa.

Norris


Geelong
18 Machi 1971

Norris,

Nimesoma. Nilikuwa nimesimama, Len akanisogezea kiti.

Sina la kuandika kwa sasa.

Mavis


Cragley
4 Aprili 1971

Dada,

Nimetoka kusoma tena kile kijibarua chako cha mistari mitatu. Afadhali ungenitukana, ungeandika kurasa nane za matusi ningezibandika ukutani. Doreen anasema nimekonda. Mimi, nikonde!

Tumeshinda mbili, tumetoka sare moja. Zimebaki mechi tatu. Ya mwisho ni nyumbani, Mei mosi.

Andika chochote. Hata habari za kuku.

Norris


Geelong
14 Aprili 1971

Mdogo wangu Norris,

Len amelazwa siku nne, amerudi, anaendelea vizuri. Ezra mdogo ameota jino. Kuku sina.

Kimya changu si hasira. Hasira ilinikaa siku mbili tu. Siku ya pili jioni nilikuwa namenya viazi nikaanza kukusema kwa sauti, peke yangu jikoni: "Mwongo! Ameficha jambo miezi saba, anajua, na ananyamaza!" Nikasikia sauti yangu mwenyewe. Kisu nikakiweka chini. Wewe umeficha miezi saba, Norris. Mimi nimeficha miaka thelathini na minane.

Nitaandika haraka, nikisita sitaandika tena.

Siku ile ya Mama. Unakumbuka nyumba yetu ilivyokuwa, ukuta wa uwanja ukiuona dirishani. Kutoka mlangoni mpaka pale mlipokuwa mkisimama wewe na Baba ni hatua mia mbili. Saa tisa Mama alibadilika, pumzi ikawa inakatika. Nilivaa shali nije niwaite. Nilikuwa nimeshashika kitasa.

Mama akasema, "Mavis, unakwenda wapi?"

Nikasema, "Kumwita Baba."

Akasema, "Muache. Ana Jumamosi moja tu kwa wiki, wiki nzima anavuta pamba kifuani kule kiwandani. Muache amalize. Njoo ukae."

Nikakaa. Norris, alikuwa anasikiliza mpira! Watu walipopiga kelele akasema, "Hilo letu." Walipoguna akasema, "Hilo lao, masikini." Alijua yote kwa sauti tu, miaka yote ile sikujua kwamba anajua. Kelele ya tatu ilipokuja alitabasamu, akasema, "Atarudi amefurahi." Ndilo neno lake la mwisho.

Baba aliingia akipiga mluzi. Tatu kwa moja. Alikuwa na pai ya Mama mfukoni, bado ina moto. Nami nikasimama mlangoni, nikamwambia, "Ulikuwa mpirani na mkeo anakufa." Basi. Hilo tu. Sikumwambia alichosema Mama. Siku ile sikumwambia kwa hasira. Mwaka uliofuata kwa aibu. Halafu nikaolewa, nikapanda meli, na kila barua niliyomwandikia nilidhani nitaliandika katika ile ijayo.

Sikumsikia akipiga mluzi tena. Wewe je, ulimsikia?

Amekufa akidhani alimwacha Mama. Na nilikuwa na hatua mia mbili.

Sitaki tena dau. Sina haki ya kumdai mtu. Mrudishe golini, alikotaka. Nyunyiza safari hii.

Dada yako,
Mavis


Cragley
2 Mei 1971

Dada yangu Mavis,

Barua yako niliisoma nimesimama uani, nikaisoma nimekaa bandani, nikaisoma tena kitandani mpaka Doreen akaninyang'anya, akaisoma yeye, akaenda kukaa jikoni bila kuwasha taa. Umeniuliza kuhusu mluzi. Hapana. Nami kwa ujinga wangu nilidhani ni meno yaliyomng'oka.

Wewe ulikuwa mtoto, Mavis. Miaka kumi na tisa ni mtoto. Mama alikuamuru, ukatii. Ningekuwa karibu ningekuambia hivyo kwa kukutikisa mabega.

Sasa sikia ya jana, nayo sijamwambia mtu mwingine ila Doreen.

Ilikuwa lazima tushinde. Sare inatushusha, kushindwa kunatushusha. Wageni walikuwa wa Midlands, hawana cha kupoteza, watu wabaya sana hao. Nilikuwa nimepanga vizuri: filimbi ikilia, watu wakitoka, nachukua toroli namrudisha Baba golini kama ulivyoagiza, nyasi mpya tayari zimelowa. Wakatufunga dakika ya kumi. Tukarudisha kipindi cha pili. Moja kwa moja. Watu elfu thelathini na tatu, na ungeweza kusikia mtu akimeza mate.

Saa kumi na robo wakafungua mageti. Unajua desturi ya huku, robo ya mwisho hufunguliwa ili wanaotaka kutoka watoke, na wasio na kiingilio waingie bure. Walikuwa wamejazana nje, wakaanza kumiminika ndani, wazee wa kiwanda, akina mama na mikoba yao, wote mbio. Mimi nimesimama mlangoni pa banda, jicho moja uwanjani, jicho moja kwenye gunia.

Nikafikiri, geti hili lilikuwa linafunguliwa hivi hivi mwaka thelathini na mbili, tena mapema zaidi, maana Novemba mechi zilianza saa nane na robo kuwahi giza. Lilikuwa wazi. Baba angetoka. Zilikuwa hatua mia mbili tu. Hakutoka kwa sababu hakuna aliyemwita.

Mavis, sijui kilichonishika. Niliingia bandani, nikaondoa gunia, nikasema kwa sauti, "Baba. Mavis amekuja kukuita. Mama hali yake si nzuri. Twende nyumbani."

Nikashika toroli.

Getini Arnold, mlinzi, akanizuia, "We Norris! Umechanganyikiwa? Zimebaki dakika ishirini! Unakwenda wapi?"

"Nampeleka Baba nyumbani."

"Baba yako amekufa!"

"Ndiyo maana simkimbizi."

Akanipisha. Watu wote wanaingia, mimi natoka, nawagonga miguu kwa toroli, wananitukana: "Msaliti!" "Panya ameshaiacha meli!" Mwanamke mmoja akanipiga kwa mkoba. Nikapanda Mtaa wa Tenter, nikaipita nyumba yetu ya zamani. Pale mlangoni nilisimama kidogo, nikapumzisha toroli. Halafu mlima. Dada, ule mlima si mchezo na udongo wa futi mbili, nina miaka hamsini na mitatu na pai nyingi. Nilisimama mara nne. Sikugeuka nyuma hata mara moja.

Nilimweka kaburini kwa Mama, upande wa kushoto, uliokuwa wazi. Nilichimba kwa sepetu kina cha mkono, nikammimina taratibu, wote, mpaka vumbi la toroli nikalifuta kwa kofia. Nikanyunyiza mbegu. Nikamwambia Mama, "Amekuja kabla haijaisha." Nikapiga magoti nikashindilia kwa viganja, na nikiwa hapo hapo, huku chini mji mzima ukapiga yowe. Yowe moja, refu, ndege wakaruka kwenye miti. Nilijaribu kulitambua, letu au lao. Nikashindwa. Masikio yalikuwa yanavuma, na uso nao ulikuwa umelowa, sioni wala sisikii. Mama angejua. Nikakaa chini katikati yao hadi watu wakaanza kusikika njiani.

Tumebaki, Mavis! Dakika ya themanini na saba! Wanasema Cragley haijawahi kufunga goli kama lile tangu uwanja ujengwe, yadi thelathini, mpira ulikwenda kama umeitwa. Wanaume wazima wamezimia. Lomax amemkumbatia mwamuzi. Kwa hiyo dau nimelishinda mimi, na nimelipa kama niliyeshindwa, na sitaki kusikia neno lako juu ya hilo.

Tangu jana kila mtu ananisimamisha barabarani. "Norris, uliliona? Uliliona?" Nami nawasimulia. Jana baa nimelisimulia mara kumi na moja, namna alivyoupokea kwa kifua, namna kipa alivyoruka, namna wavu ulivyotikisika, na kila mara linazidi kuwa zuri. Kuna jamaa alikuwa nyuma ya goli lile lile, amesema nimelieleza vizuri kuliko alivyoliona.

Sikuliona. Katika mji huu mzima, mimi peke yangu, mtunza uwanja, sikuliona. Na wewe, huko kwenye mwisho wa dunia, ndiye unayejua nilikuwa wapi.

Ndugu yako,
Norris